Hodi ya Mfasiri wa Sinema

Kwanza mjue kwamba Kiingereza hakukijua. Alijua yesi, alijua noo, na alijua matusi mawili aliyofundishwa na baharia. Basi. Mimi shule niliiacha darasa la pili nikaenda kubeba magunia, lakini hata mimi niligundua kwamba hajui, maana siku moja padri mzungu alimsimamisha njiani kumuuliza kitu, naye akavua kofia, akainama, akasema yesi, akaondoka mbio kama aliyeitwa nyumbani kuna moto. Na huyo ndiye aliyekuwa mfasiri wetu wa sinema.

Jina lake sitalitaja. Ukoo wake upo, watu wake wapo, wakitaka watamtaja wao. Mimi ninayemjua ni yule aliyepanda juu ya kreti la soda, na huyo sote Bagamoyo tulimwita Mfasiri, mkubwa kwa mdogo, hata mkewe.

Ukitaka kumjua mtu huyu, anza na kikohozi chake. Miaka ya sabini, alipokwisha kuhamia Kaole, alikuwa akija mjini na kikapu cha mahindi kusaga kwangu, maana mashine ya kusaga ni yangu, nimeinunua kwa mgongo wangu na hakuna aliyenishika mkono. Wengine wakifika mlangoni husema hodi. Yeye alisimama nje, kando ya ukuta, akakohoa. Mashine inanguruma, wanawake wanapiga kelele za foleni, nani atasikia kikohozi? Angesimama pale jua likamchoma mpaka nitoke mwenyewe kumwaga pumba. Nilikuwa nakasirika.

"Shikamoo. Mbona huingii?"

"Marahaba. Nimekohoa."

"Watu wanabisha hodi, Bwana Mfasiri. Kikohozi si hodi."

"Kinatosha," alisema, akanipa kikapu.

Mtu wa pwani, mtu mzima, mwenye adabu kuliko wote niliowajua, alikuwa ameacha kubisha hodi. Alikuwa na sababu. Mjini petu hodi yake ilikuwa haijibiwi. Kwa nini haijibiwi ndiyo habari ninayotaka kuieleza, maana vijana wanaieleza kama kichekesho, na mimi sijaona cha kuchekesha.

Miaka ya sitini gari la sinema lilikuwa likija kutoka Dar, likasimama uwanjani. Fundi wa gari alitundika shuka jeupe, akawasha jenereta, na Mfasiri akapanda juu ya kreti lake tupu na kipaza sauti mkononi. Alivaa koti juu ya kanzu, na machoni miwani myeusi ya jua. Jua lenyewe limeshazama! Ukimuuliza, alisema mwanga wa sinema unaharibu macho ya mtaalamu. Alitafuna karafuu ili koo lisikauke, na karafuu hizo hakumpa mtu hata moja. Nilimwomba mara nyingi. "Hizi ni za kazi," alisema, akageuka.

Picha ziliongea Kiingereza, yeye aliongea Kiswahili, na sauti yake ilizizidi. Alikuwa na sauti nzito ya majambazi, nyembamba ya wanawake, ya puani ya matajiri. Wazungu wakisema maneno mengi naye akakwama, watu walianza: "Bwana Mfasiri! Wamesema nini hapo?"

"Ngojeni! Kiingereza hiki cha bara, kinachelewa kufika."

Siku moja nilimkabili. Nikamwambia najua kwamba hujui. Hakushtuka wala hakukana.

"Mimi sifasiri maneno," akasema. "Maneno yanajua kudanganya. Nafasiri nyuso."

"Na nyuso hazidanganyi?"

"Zinadanganya. Lakini zinachoka mapema."

Alikuwa mwongo, sitamsafisha. Katika sinema ya serikali ya kuchimba vyoo alimwingiza jirani yake waliyegombana naye habari ya mpaka wa shamba: "Bwana huyu mnayemwona anachimba, anauliza, mbona fulani wa Dunda mpaka leo anakwenda vichakani?" Fulani mwenyewe alikuwa amekaa pale na wakwe zake. Walishikana mashati mbele ya shuka, na nusu ya watu wakadhani ni sehemu ya sinema. Wazungu walipobusiana, na wazee wa msikitini wamekaa mstari wa mbele, hakusita hata kidogo. "Hapa anampa pole. Amefiwa na mjomba." Wakibusiana tena: "Na shangazi pia." Kuna sinema moja ilimaliza ukoo mzima.

Tena alikuwa mwoga. Huyo aliyetisha uwanja mzima kwa sauti ya jambazi, sinema ikiisha hakuweza kupita peke yake njia ya makaburini. Alijifanya ana mazungumzo nawe muhimu mpaka umfikishe mlangoni kwake, kisha mazungumzo yakaisha papo hapo.

Lakini katika adabu hakuwa na mchezo. Hakuna mtu aliyeingia mahali katika sinema zake bila salamu. Majambazi wa farasi waliposukuma mlango wa duka na bastola mikononi, kwanza alisema, "Asalaam aleikum!" na uwanja mzima tukaitikia, "Waaleikum salaam!" ndipo wakauana. Kijana akisimama mbele ya baba yake: "Shikamoo, baba." Mtu akifika mlangoni: "Hodi!" nasi tukamkaribisha. Nilimwambia, wale hawasemi hivyo.

"Najua. Lakini ukimwacha mtu aingie bila salamu, watu wa hapa hawatasikiliza tena jambo jingine. Watakaa wanamchukia tu."

Alisema kweli. Na ukweli huo ndio uliomharibia.

Siku hiyo debe la filamu lilikuwa limechanganywa huko Dar. Tulitangaziwa kichekesho, watu wakaja na watoto na mikeka na mihogo ya kukaanga. Kilichotoka ni sinema ya kutisha. Mwanzo tu mwanamke anazama kinamasini, mwili hauonekani, watu wake wanamlilia bila maiti. Amebaki mumewe, na ndugu za mume, na mtoto mdogo, katika nyumba kubwa ya mawe. Mvua inanyesha. Mishumaa inazimika. Kimya mpaka unasikia jenereta. Hata Mfasiri alikuwa ameteremsha sauti, na miwani ameivua, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Halafu mlango wa nyumba ile, kwa nje. Una pete nene ya chuma ya kugongea, imevunjika upande. Ukatokea mkono, mweupe, umelowa, matope kwenye kucha. Ukaishika pete. Ukagonga, taratibu, mara tatu.

Na Mfasiri, kwa mazoea yake, kwa ile sauti nyembamba ya kike, akasema: "Hodi."

Na sisi kwa mazoea yetu, wanaume, wanawake na watoto, kwa kishindo: "Karibu!"

Nami nilisema. Nilisema kwa nguvu.

Kila mtu akawa anasikiliza alichosema mwenyewe. Kisha bibi mmoja nyuma yangu akalia, "Yallah! Tumemkaribisha maiti!"

Mnajua mbuzi wakisikia chui? Watu walipandana. Mikeka, viatu, masufuria, vyote viliachwa pale. Mtu alijishika kwenye shuka asianguke, likashuka lote juu yake, naye akapiga mayowe kwamba ameshikwa. Fundi akazima jenereta. Na katika giza lile sauti moja tu haikukimbia, ile ya mtu mwoga kuliko wote, imesimama juu ya kreti inapiga kelele kwa mdomo mtupu: "Ngojeni mwisho! Hakuja kwa ubaya! Amemleta mtoto! Ngojeni mwisho, jamani!"

Nani angoje? Asubuhi gari liliondoka kwenda Saadani, debe likarudishwa Dar, na sinema ile haikuonekana tena.

Mwaka ule kuku walikufa kwa kideri. Mvua za vuli zikawa za kubahatisha. Paa la mtu likaungua, paa la makuti, na mkewe alikuwa akikaanga samaki chini yake upepo ukivuma, lakini hapana, sababu ilikuwa ile karibu. Tumemfungulia yule maiti, yumo mjini, na aliyembishia hodi ni Mfasiri. Kwanza ilikuwa mzaha wa vijana wa barazani. Mfasiri akifika, "Hodi!" wao wanatazamana, kimya, mmoja anauliza, "Ni wewe au ni yule?" Wanacheka. Mzaha ukaingia majumbani na huko haukuwa mzaha tena. Mama mwenye mtoto mchanga hakujibu. Mwenye mgonjwa hakujibu. Baadaye hata wasio na chochote hawakujibu, kwa kuwa wenzao hawajibu.

Dada yake wa tumbo moja alijifungua. Mfasiri alikwenda na khanga ya uzazi ameikunja chini ya kwapa. Mimi nilikuwa napita na mkokoteni, niliona kwa macho yangu. Alisema hodi. Ndani watu wanaongea, wakanyamaza. Akasema tena. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini polepole, kama mtu anayejificha nyumbani mwake mwenyewe. Hakusema mara ya tatu. Aliitundika khanga kwenye komeo la mlango akaondoka, na haukupita muda akahamia Kaole kushona kofia. Tangu hapo, kikohozi.

Gari la sinema nalo likapata mfasiri mwingine, kijana aliyesoma, anayejua Kiingereza cha kweli. Majambazi wake waliingia bila salamu. Watu walisinzia.

Kilichonikera ni kwamba Mfasiri hakujitetea. Ukimuuliza, alikuwa na jibu lile lile moja: "Alikuwa amemleta mtoto. Mngengoja mwisho." Eleza basi! Lete ushahidi! Hapana. Na nani atamwamini mtu aliyewaua wajomba wa wazungu wote kwa ajili ya busu? Nilipokuwa nakwenda Dar kutafuta mikanda ya mashine, nilipitia majumba ya sinema nikauliza. Mmoja tu aliikumbuka. "Ile? Ilikaa siku mbili, watu wakalala, tukairudisha. Wewe waitakia nini?" Nikachukua mikanda yangu nikaondoka. Sinema iliyomfukuza mtu mjini kwake, huko kwao iliwalaza watu.

Kisha Unguja wakaanzisha televisheni. Upande wetu haikuwepo, lakini ukiwa Bagamoyo, una seti, una mlingoti mrefu, unaipata yao ng'ambo ya maji. Seti yangu ilifikaje, hilo ni langu. Umeme niliuvuta kutoka kwenye mashine, antena nikaifunga juu ya boriti mbili za mikoko zilizounganishwa, na juu ya paa nikamweka shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, kazi yake kuigeuza. Msidhani ilikuwa raha. Usiku mzuri ulipata sura ya mtu. Usiku mbaya ulipata mchele mtupu kwenye kioo, mchele unaocheza, na sauti ya mafuta yanayokaanga.

Ijumaa moja, baada ya sala ya isha, tumekaa mimi na mke wangu na majirani wachache, mchele ukapungua, na nikaona mlango. Mlango wenye pete ya chuma, imevunjika upande.

Nilisimama. "Ni ile!"

"Ile ipi?" akauliza mke wangu. Halafu naye akaiona, akajifunika khanga mpaka puani.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Usiguse kitu! Hapo hapo!"

"Mbu wananila huku!"

"Wakule! Usiguse!"

Ukaja mkono. Ukagonga taratibu, mara tatu. Televisheni haikusema hodi. Nilikuwa naisubiri, masikio yangu yalikuwa yanaisubiri, haikuja. Mlango uligongwa tu kama unavyogongwa na mtu asiye na kwao. Na katika kimya kile mke wangu akasema, chini ya khanga, "Karibu." Akajiziba mdomo.

Safari hii hakuna aliyekimbia, kwa hiyo tuliona mbele. Picha ilirudi nyuma, ikamwonyesha yule mwanamke mwili mzima, nywele zimegandana, na katika mkono wake mwingine amembeba mtoto. Mtoto wake. Alikuwa ametoka nje usiku kumtafuta mama yake, akaingia kinamasini. Mama amemtoa huko, amemfunika mtandio, amemleta nyumbani. Na ndani? Ndani wanajua kuna mtu, wanamsikia. Mume na ndugu zake, wanaume wazima, wanavuta kabati la nguo wanaliegemeza mlangoni. Anagonga, anangoja. Anagonga, anangoja. Mvua inanyesha juu ya yule mtoto. Nilitukana, na mke wangu hakunikataza.

Kukapambazuka. Wakaliondoa kabati. Mlango ukafunguka polepole, na pale kizingitini upo mtandio, umefunika kitu kidogo kimejikunja. Mume akainama. Akaushika mtandio kwa ncha za vidole.

Mchele.

"Shemeji!"

"Naam?" Sauti ilitoka mgongoni kwangu. Alikuwa amesimama mlangoni, anajikuna. "Nimesikia mmenyamaza wote, nikaona nije nitazame kuna nini."

Nisingekuwa na heshima kwa mke wangu, angelala hospitali. Alipopanda tena na kuipata Unguja, walikuwa wanapiga taarabu.

Kesho yake nilikwenda kwenye baraza la kahawa nikawaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Muuza kahawa, mtu mwenye ulimi kama wembe, akanisikiliza huku anagonganisha vikombe vyake.

"Uliiona mpaka mwisho, Bwana Mashine?"

"Karibu na mwisho."

"Basi hujaiona," akasema. Wakacheka, wakarudi kwenye mpira.

Haya ndiyo yanayonichosha mpaka leo. Mtu akiogopa haombi ushahidi, anakimbia tu. Akitakiwa kumsafisha mwenzake anageuka hakimu, anataka sinema nzima.

Nikamngoja Mfasiri. Alipokuja, nilikisikia kikohozi chake maana safari hii nilikuwa nimetega sikio. Nikatoka. Amekonda, kanzu inamzidi, kikapu cha mahindi miguuni.

"Shikamoo. Nimeiona."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Ile ya hodi. Televisheni ya Unguja, Ijumaa."

Alinitazama kama anayepima kama ni mzaha wa vijana. "Pete ya mlango ikoje?"

"Imevunjika upande."

"Na mkono wa pili?"

"Umembeba mtoto. Amemfunika mtandio."

Akaketi juu ya debe langu la pumba, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani ghafla. "Kwa hiyo ni kweli alimleta," akasema.

"Kwa hiyo ni kweli? Si wewe uliyesema! Miaka yote hii umesema!"

"Nilisema. Sikuona."

"Hukuona?"

"Ningeona wapi? Shuka mmelivuta, fundi amezima. Nami ndiyo kwanza naitazama, kama nyinyi."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, kama si umri wake. Nimeuliza Dar nzima, nimefunga boriti juu ya paa, nimegombana na baraza zima, kumbe nilikuwa namtetea mtu aliyebahatisha!

"Sasa ulijuaje?"

"Aligonga taratibu, akangoja. Aliyekuja kwa ubaya hangoji ajibiwe. Na alitumia mkono mmoja kwa pete nzito kama ile, nikasema huo mwingine una kitu. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu kabla ya hapo. Nyinyi mlikuwa mnatazama mvua." Akainua uso. "Wakamfungulia?"

"Hawakumfungulia. Waliegemeza kabati mpaka asubuhi."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Na sisi tulisema karibu," akasema. Alisema sisi.

Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mtoto alikuwa hai?"

Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Nikaona ule mtandio, na zile ncha za vidole vya mume, na mchele.

"Hai," nikasema. "Alikuwa analia."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu." Nilisema hivyo, na mtu akiniuliza leo nitasema hivyo hivyo.

Akanitazama usoni, muda mrefu, jinsi alivyokuwa akizitazama zile picha. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa karafuu moja, akaniwekea kiganjani. Hakusema ni ya nini. Akainuka, akachukua kikapu chake, akarudi nyuma mpaka ukutani kwenye kivuli, akaiweka sawa kanzu yake.

Nikaingia ndani nikazima mashine. Wanawake wa foleni wakaja juu: "We Bwana Mashine, vipi tena? Tuna watoto nyumbani!"

"Nyamazeni kidogo."

Kutoka nje ikaja sauti, nzito, safi, ile ya juu ya kreti.

"Hodi!"

Waliijua. Niliona walivyoijua. Mmoja akavuta khanga kichwani, mwingine akaanza kuhesabu mahindi yake kama ameibiwa. Nilingoja. Nilitaka nione kama yupo hata mmoja, katika wale waliokuwa uwanjani. Hakuna. Watu wa mji huu!

"Karibu!" nikasema mimi, kwa nguvu ile ile ya siku ile.

Akaingia na kikapu chake, akasimama mwisho wa foleni.